Pilipili iwekwe pembeni: tulichojifunza kwenye chakula cha Kihindi



Katika kikao kimoja cha akina mama wa familia zilizohama na akina mama wenyeji, tuliuliza swali ambalo tulidhani ni jepesi: tangu mfahamiane, nani amekwisha kula nyumbani kwa mwenzake? Watu walinyamaza. Mwishowe mama mmoja mwenyeji alisema kwamba amewapa wageni wake kipande cha shamba, anachota nao maji pamoja, hata watoto wao wanalala chumba kimoja, lakini sahani, hapana. Mama aliyehama akajibu kwamba yeye naye hawezi kula kwa watu asiojua wanapika namna gani. Hakuna aliyetamka neno sumu siku ile, ila sote tulijua ndilo lililokuwa likizungumzwa.

Katika kazi yetu tunaongea sana juu ya ardhi, maji, kuni na mabaraza ya wazee. Mambo ya jikoni tunayaacha kwa akina mama, kana kwamba hayahusu amani. Baada ya kikao kile tuliona tumekosea, kwa sababu mtu anayeogopa sahani ya jirani yake ataogopa pia neno lake barazani. Makala hii inaeleza jinsi watu wa desturi mbalimbali wanavyoweza kushirikiana chakula cha nyumbani, na mfano tuliouchagua ni chakula cha Kihindi chenye viungo vikali. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wenyewe tulifundishwa na mama mmoja Mhindi, jirani wa ofisi yetu. Pili, Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walikuwa wakimbizi wa kanda yetu hii ya Maziwa Makuu, na chakula kina nafasi kubwa katika historia yao.

Sahani tuliyoshindwa kumaliza

Mama huyo alizaliwa katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, akaja huku kwetu baada ya kuolewa na mwenye duka. Kiswahili chake ni cha sokoni, chenye hesabu nyingi na adabu nyingi. Siku ya kwanza alipotualika tulikuwa watu watano. Alitupa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, mikate myembamba ya ngano iliyokandwa na majani ya uwatu, ambayo kwao huitwa thepla, achari ya embe, na bakuli kubwa la dengu. Tulianza kula kwa furaha. Muda si mrefu dereva wetu alikuwa anatokwa na machozi, na mwenzetu mwingine alikuwa amekwisha kunywa glasi tatu za maji bila kupata nafuu. Tulisema chakula ni kitamu sana. Mama aliangalia sahani zetu, akajua, asiseme kitu.

Mara ya pili alipotuita, pilipili ilikuwa pembeni katika kibakuli chake, imetwangwa na chumvi na ndimu. «Watoto wangu, kila mtu ajichukulie,» alisema. Dengu zilikuwa na harufu ileile ya mara ya kwanza, na safari hii tulikula hadi tukafuta bakuli kwa mkate.

Kisha ikawa zamu yetu ya kumkaribisha, na hapo tulikosea kuliko yeye. Tulimpikia sombe. Tuliipika kama mama zetu wanavyoipika, kwa mafuta ya mawese, vitunguu, bilinganya kidogo na ndagaa wa kutosha, kwa sababu huku kwetu mgeni hapewi sombe tupu. Mama alikuja na mumewe, wamevaa vizuri. Alipoona vichwa vya ndagaa aliweka kijiko chini. Ukoo wao hawali nyama wala samaki, tangu mababu. Tulikuwa tumefanya kazi mlango kwa mlango naye miaka miwili na hatujawahi kumwuliza. Alikula bugali na ndizi, akatushukuru mara nyingi mno, na sisi tukaona aibu. Jumamosi iliyofuata tulipika upya, kwa karanga za kutwanga, katika sufuria mpya ambayo haikuwahi kupikiwa samaki. Alikula, akaomba ya kwenda nayo nyumbani. Siku hizi anaipika mwenyewe na kuila kwa chapati. (Tulimkumbusha jambo ambalo kila mama wa huku analijua lakini mgeni halijui: majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili, lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu.)

Waliotoka Uganda mwaka 1972

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba watu wa asili ya Asia waondoke Uganda. Muda waliopewa ulikuwa siku 90. Wengi walikuwa wamezaliwa hapohapo. Wazee wao walikuja zamani za utawala wa Waingereza, baadhi kama vibarua wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengi zaidi kama wafanyabiashara, hasa kutoka Gujarat. Waliacha nyumba, maduka, mashamba ya miwa na akiba za benki. Fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo sana, na wengi wamesimulia jinsi walivyonyang'anywa vitu vyao kwenye vizuizi vya askari njiani kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe. Msomaji aliyepita kwenye vizuizi vya huku kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Watu wapatao 28,000 walipokelewa Uingereza, wengine wakaenda Kanada, India na nchi nyingine. Serikali ya Uingereza iliunda bodi ya kuwapokea na ikafungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za kijeshi, kama vile Stradishall upande wa mashariki na Tonfanau huko Wales, pwani yenye upepo na baridi. Watu wa kujitolea, wengi wao akina mama, walileta makoti, blanketi na vitu vya watoto. Walikuja kwa moyo mwema. Hata hivyo wengi waliopita katika kambi hizo wamesimulia shida ya chakula: viazi vya kuchemsha, kabeji ya kuchemsha, nyama isiyo na kiungo, na hali familia nyingi hazikula nyama kabisa. Walipata chakula na bado walitamani kula.

Kuna wanaosema kwamba hayo ni madeko. Umeokolewa na kifo, kisha unachagua chakula? Maneno kama hayo tumeyasikia huku kwetu pia, yakisemwa juu ya familia iliyouza sehemu ya unga wa msaada ili inunue mawese na chumvi. Sisi tunaona tofauti. Aliyehama amepoteza nyumba, kazi na mara nyingi cheo alichokuwa nacho mbele ya watu. Namna mama anavyokaanga kitunguu ni kati ya vitu vichache alivyoweza kuondoka navyo, kwa sababu havikuhitaji kubebwa kichwani. Akipewa chakula kilichopikwa tayari kila siku anabaki mtu wa kulishwa. Akipewa jiko, kuni na sufuria anaweza kumwambia jirani: karibu.

Mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, uliogopa wageni hao. Mwezi Septemba 1972 halmashauri yake ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwaambia wasije, kwa kuwa nyumba, shule na huduma nyingine zilikuwa zimelemewa. Maelfu walikwenda hivyohivyo, maana wengine walikuwa na ndugu huko na wengine walisikia kuna kazi viwandani. Barabara ya Belgrave ikajaa maduka ya vitambaa, dhahabu, viungo na vitamutamu vya maziwa. Leo mji huo ni wa watu wa asili nyingi: katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya watu 4 katika kila 10 walijitaja kuwa wa asili ya Asia.

Jambo moja linatufurahisha kila tukilisimulia. Katika migahawa ya Wahindi wa Uingereza ambao wazee wao walitoka Afrika Mashariki kuna chakula kiitwacho mogo. Ni muhogo wetu, na jina lenyewe ni Kiswahili kilichokatwa kidogo. Unakatwa vipande, unakaangwa, unapakwa pilipili na ndimu. Kuna pia kuku paka, yaani kuku wa tui la nazi, na matoke yaliyopikwa kwa viungo vya Gujarat. Meera Sodha, mwandishi wa mapishi aliyezaliwa Uingereza katika familia iliyotoka Uganda, aliyaandika mapishi ya nyumbani kwao katika kitabu Made in India cha mwaka 2014, na Waingereza wa kila namna wanapika kutoka humo. Watu hawa walikuwa wamepokea chakula cha Waafrika kabla ya kufukuzwa, wakaondoka nacho kama chakula cha kwao.

Tuseme pia upande mgumu wa historia hiyo. Kule Uganda familia nyingi za Kihindi ziliishi kwa kujitenga. Mtumishi Mwafrika alikata vitunguu na kukanda unga jikoni, lakini hakukaribishwa kuketi mezani. Hilo halihalalishi hata kidogo watu kufukuzwa na kuporwa mali. Lakini Amin alipowaita wanyonyaji, alipata wengi wa kumpigia makofi, na baadhi ya waliopiga makofi walikuwa wameijua harufu ya chakula hicho miaka mingi bila kuonjeshwa.

Kuwasha na kunukia ni mambo mawili

Watu wengi wa huku wanaamini kwamba chakula cha Kihindi maana yake ni pilipili. Tulimwuliza mama jirani, akacheka. Pilipili yenyewe asili yake ni Amerika. Wareno ndio walioisambaza India na pwani za Afrika baada ya safari zao za karne ya 15 na 16, wakati uleule muhogo na mahindi yalipoanza kufika Afrika. Kabla ya hapo Wahindi waliongeza ukali wa chakula kwa pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo mtu wa Gujarat na mtu wa Kivu anayekula pilipili ya kutwanga na sambaza wa kukaanga wote wanakula kitu kilichotoka mbali.

Viungo vinavyotoa harufu ni vingine kabisa: manjano, mbegu za jira (wengine huiita bizari nyembamba), giligilani, iliki, mdalasini, karafuu, kitunguu saumu. Hivyo haviwashi kama pilipili. Tena chakula cha nyumbani cha Gujarat mara nyingi kina utamu kidogo, kwa sababu wanatia sukari guru katika mchuzi. Mwenye kupika anaweza kuondoa pilipili yote na chakula kikabaki cha Kihindi.

Siri ya mapishi yao iko kwenye mafuta. Dengu huchemshwa kwanza kwa maji na manjano. Mwishoni mafuta yanachemshwa peke yake katika kikaango, mbegu za jira zinatiwa hadi zilie, kisha kitunguu na saumu, halafu vyote vinamiminwa juu ya dengu. Harufu ya viungo vingi inatoka ndani ya mafuta ya moto kuliko ndani ya maji. Kwa njia hii kiungo kidogo kinatosha sufuria kubwa, jambo ambalo ni faida kwa familia isiyo na fedha.

Ukali wa pilipili nao unayeyuka katika mafuta, hauyeyuki katika maji. Ndiyo sababu mwenzetu alikunywa glasi tatu bure. Anayewashwa ale bugali, wali au ndizi, au anywe maziwa, hasa ya kuganda. Wahindi huweka mtindi mezani kwa kazi hiyo. Watoto wadogo na wenye vidonda vya tumbo wapewe chakula kisicho na pilipili tangu mwanzo, bila kuwafanyia mzaha. Tumeona wanaume wakishindana kula pilipili mbele ya wageni. Ni mchezo, lakini mgeni asiyeweza anajiona amechekwa.

Nani anakula na nani

Tusidhani kwamba kula pamoja ni jambo lililokuwa rahisi kwa Wahindi wenyewe. Katika jamii ya Kihindu, kwa karne nyingi, sheria za tabaka zilisema nani anaweza kupokea chakula kutoka mkononi mwa nani. Wafuasi wa dini ya Jain hawali nyama, samaki wala mayai, na walio wakali katika desturi wanaacha hata vitunguu, saumu na viazi, kwa vile vinang'olewa ardhini pamoja na uhai mdogo ulio humo. Wahindi Waislamu wanataka nyama iliyochinjwa kihalali. Wahindu wengi hawagusi nyama ya ng'ombe. Mtaa mmoja unaweza kuwa na watu wa aina zote hizo.

Masingasinga, ambao wengi huwaita Makalasinga, walipata njia yao ya kukabili jambo hilo, na viongozi wa huku wanaweza kujifunza kwayo. Tangu wakati wa mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak, zaidi ya miaka 500 iliyopita, kila hekalu lao lina jiko la watu wote, liitwalo langar. Katika Hekalu la Dhahabu mjini Amritsar, jimbo la Punjab, makumi ya maelfu ya watu hula humo kila siku bila malipo na bila kuulizwa dini au tabaka. Angalieni namna walivyopanga. Wote huketi chini, kwa mistari, tajiri na maskini, kwa hiyo hakuna kiti cha mkubwa. Chakula ni cha mboga, dengu, mikate na wali, ili asiyekula nyama asikwazike na anayekula nyama asipungukiwe. Na wanaopika na kuosha vyombo ni watu wa kujitolea, hata mgeni aliyefika leo anaweza kushika kisu akamenya vitunguu. Huo mpango wa mwisho tunaupenda zaidi, kwa sababu aliyemenya vitunguu anajua kilichomo ndani ya sufuria.

Mabohora, Waislamu wa asili ya Gujarat wanaojulikana pia pwani ya Afrika Mashariki, wao huketi kuizunguka sinia moja kubwa na kuanza kwa kuonja chumvi. Mzee wa kijiji cha kwetu angejisikia nyumbani hapo.

Hofu ya sumu

Turudi kwenye kikao cha akina mama. Katika majimbo yetu hofu ya kulishwa sumu ni kubwa. Chupa ya bia au ya limonadi inafunguliwa mbele ya anayekunywa. Mwenye nyumba anaonja kwanza. Hatusemi kwamba hakuna aliyewahi kudhuriwa, na hatuna uwezo wa kupima kila uvumi. Tunachokijua ni kwamba uvumi mmoja wa sumu unaweza kuchoma nyumba, na mara nyingi unayemwangukia ni mwanamke mgeni, mzee au mjane.

Hapa ndipo pilipili inapokuwa jambo zito. Mtu asiyeizoea akila chakula kikali kwa mara ya kwanza anaweza kuumwa tumbo au kuharisha usiku ule. Chakula kilicholala kwenye joto kinaleta vivyo hivyo, na mikono isiyonawiwa pia. Katika mahali penye amani watu watasema: nilikula vibaya. Mahali penye chuki watasema: wametulisha. Kwa hiyo kuweka pilipili pembeni, kupika siku ileile ya kula na kunawisha watu mikono kwa sabuni ni heshima kwa mgeni, na pia ni kinga kwa mpishi.

Katika kikundi chetu tulianza kwa kupika hadharani. Jiko liliwekwa uwanjani, chini ya mti, kila mama akaja na kitu na akakata mbele ya wote. Hakukuwa na sahani iliyoletwa imefunikwa kutoka nyumbani. Sufuria ilikuwa moja, wapishi wawili, mmoja kutoka kila upande, na wote wawili walikula kwanza. Tulitangulia kuuliza kila mtu anachokatazwa na dini, ukoo au ugonjwa. Majibu yalitushangaza: kati ya wanawake 20, saba walikuwa na kitu wasichokula, nasi hatukujua hata kimoja. Mmoja hali nyama ya mbuzi, kwa desturi ya ukoo wake. Wawili walikuwa wa kanisa lisilokula nguruwe wala samaki wasio na magamba. Mmoja, kwa sauti ya chini, alisema ana ugonjwa wa sukari.

Mara ya kwanza mama wawili hawakula. Walikaa, wakaongea, wakarudi kwao. Hatukuwasukuma, na tunawaomba wenzetu wa mashirika mengine wasisukume. Mara ya tatu mmoja wao alikula. Yule mwingine bado.

Sufuria ya njegere kwa watu kumi

Chakula tulichopika siku ile kilitoka kwa mama jirani, lakini kwa vitu vinavyopatikana huku. Familia nyingi zilizohama zinazifahamu njegere kavu za manjano zilizopasuliwa, ambazo PAM imezigawa mara nyingi, na wengi wanazilalamikia kwamba ni ngumu na hazina ladha. Kwa Wahindi aina hiyo ni chakula cha heshima.

Chukua vikombe vitatu vya njegere, zichambue, zioshe, uziloweke tangu asubuhi. Kuloweka kunapunguza kuni sana. Zichemshe kwa maji mengi na nusu kijiko cha manjano hadi zipasuke na kuwa uji mzito, kisha tia chumvi. Katika kikaango, chemsha mafuta vijiko vinne vikubwa. Tia kijiko kidogo cha jira. Ikianza kulia, tia vitunguu viwili vilivyokatwa, saumu, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Vitunguu vikiwa vyekundu, ongeza nyanya tatu, ziache ziive. Mimina vyote juu ya njegere, funika dakika tano. Kula kwa bugali, wali, makemba ya kuchemsha au chapati. Pasipo jira na manjano, kitunguu, saumu na tangawizi vinatosha. Mama jirani anasema si kosa, hata kwao maskini hupika hivyo. Lengalenga iliyokatwa ikiongezwa mwishoni inakubali sana.

Pilipili twanga na chumvi na ndimu, weka kwenye kibakuli, mbali na watoto.

Mambo ambayo sahani haiwezi kufanya

Tusije tukawadanganya viongozi kwamba mlo mmoja unamaliza mgogoro wa shamba. Leicester yenyewe, mji uliosifiwa miaka mingi kwa watu wa dini mbalimbali kuishi pamoja, ilipata fujo mwezi Agosti na Septemba 2022, vijana wa Kihindu na vijana wa Kiislamu walipokabiliana mitaani. Habari za uongo zilizosambazwa kwenye simu ziliongeza moto. Hao wote ni watu wanaopika kwa viungo vinavyofanana. Na sisi wa Maziwa Makuu tunawafahamu watu waliokula harusi na matanga pamoja, kisha wakageukiana.

Tulichokiona sisi ni kitu kidogo zaidi. Baada ya milo mitatu, ng'ombe wa familia mwenyeji alipoingia shamba la mboga la familia iliyohama, mwenye shamba alikwenda kwa mama mwenye ng'ombe kabla ya kwenda kwa chifu, kwa sababu alikwisha kulijua jina lake na mlango wake. Walipatana malipo. Siku za nyuma kesi ya namna hiyo ilifika kwetu ikiwa imekwisha kuwa na majeruhi.

Kwa viongozi wa vitongoji na wa maeneo ya wakimbizi wa ndani tuna ombi moja la vitendo. Mnapopanga mahali pa kuishi familia, tengeni pia mahali pa majiko ya pamoja, penye kivuli na karibu na maji, na msiyafungie ndani ya uzio wa upande mmoja tu. Wanaoleta msaada wakiuliza kinachohitajika, tajeni sufuria kubwa, kuni au majiko yanayookoa kuni, vitunguu na mafuta. Na familia zilizohama zinapotaka kupika na kuwaita wenyeji, msiwazuie kwa kusema hawana kitu. Mara nyingi wana chakula cha siku mbili, na wanataka kutumia cha siku moja kwa wageni. Waachieni.

Kikao kijacho cha akina mama ni cha sombe. Kundi la wenyeji litaleta majani, kundi la waliohama litaleta karanga, na ndagaa watapikwa katika sufuria yao peke yao, kwa ajili ya mama jirani na kwa ajili ya yule wa samaki wenye magamba, ambaye bado hatujui kama ndagaa anawakubali. Tutamwuliza kabla.